Kurasa za Karanga

Umeme ulikatika pale mzee alipoinua mkono agonge mlango.
Hapo ndipo filamu ilipoishia, kwetu sisi wa Hombolo,
bandani kwa Mlewa, kiingilio shilingi hamsini,
madirisha yamezibwa kwa magunia,
na sauti ya mtafsiri iliyokuwa ikitutania hata penye msiba.
Tukakaa gizani. Mtu akapiga mluzi.
"Kesho," Mlewa akasema.
Kesho yake mkanda ulikuwa umesharudi mjini.

Nilikuwa na miaka kumi na sita.
Sikujua kama mzee alikwenda kuomba radhi au kudai deni.
Mkono ule uko juu mpaka leo.

Kitabu nacho nilikinunua kwa Sechelela muuza karanga,
nusu yake.
Alikuwa akikichana kwa nyuma, karatasi moja moja, akisokota vifuko,
kwa kuwa mbele palikuwa na picha ya farasi, akaona vibaya kumchana.
Nikamlipa alichotaka, nikabaki na kurasa mia moja themanini na nane
na mwanamke anayemngoja mume aliyekwenda vitani.
Alirudi?
Jibu lilikwisha kuondoka na chumvi yake:
limepanda lori la Kibaigwa mfukoni mwa mpakia magunia,
limewashia jiko la mtu,
limetupwa korongoni, mbuzi wakalimaliza.

Basi nikawa mlaji wa karanga.
Nafungua kifuko taratibu, nasoma kwanza, natafuna baadaye.
Nimepata hesabu za darasa la tano, zote zimekosewa.
Nimepata madeni ya kwaya.
Nimepata kipande cha barua: na ng'ombe yule mwekundu tumemzika, usimwambie baba.
Na mara moja, mara moja tu, mwaka ule wa njaa,
ukurasa wa mia mbili na tatu:
mwanamke anachekecha unga, anasikia kwato nje,
hainui kichwa, unga bado una chenga.
Basi. Ukurasa umeisha.
Niliusoma nimesimama juani, karanga zikinimwagikia miguuni.

Tangu hapo unga wangu wa uwele nauchekecha mwenyewe,
nami sina haraka.
Sisemi ni hekima. Ugali unakuwa laini, hilo nina hakika nalo.

Chidawali, mpwa wangu, alikuja mwezi wa nane, upepo ukirusha vumbi.
Amejenga Ilazo, geti linafunguka lenyewe.
Alikitazama chumba: kitanda, pampu ya baiskeli, kopo la viraka,
rafu ya vitabu visivyo na miisho.
"Mjomba, filamu zote ziko humu siku hizi.
Nitajie jina, nikuoneshe mwisho wake sasa hivi."
Jina nalijua. Nalijua kama jina la mama yangu.
Nikamwambia nimelisahau.

Ningemweleza vipi?
Miaka sita mimi na kaka yangu Malogo tulipishana bila salamu,
kisa mistari minne ya mizabibu.
Jioni moja nikafika mlangoni pake, nikainua mkono,
nikaona si wangu. Ulikuwa ule wa bandani,
umechoka kukaa juu.
Nikagonga.
Malogo akafungua, tonge mdomoni.
Akanitazama. Akatafuna. Akameza.
"Ingia, mlenda unapoa."

Mzee wa filamu sijui alipata nini.
Mimi nilipata mlenda.

Chidawali aliondoka na ndoo ya zabibu na huruma yake.
Nikaziba pancha mbili, nikanawa grisi, nikaenda sokoni.
Sechelela kazeeka, macho yamefifia, bado anasokota.
"Ya mia au ya mia mbili?"
Yoyote, mama, yenye maandishi.